Siku tatu Izmir: namna ya kupanga safari fupi bila kukimbizana

Wengi ninaowapangia safari za Uturuki ni wafanyabiashara. Wanatua Istanbul, wanaingia mtaa wa Laleli kuchukua nguo, na mzigo ukishakabidhiwa watu wa kago wanabaki na siku mbili tatu mkononi. Hao huwa nawaelekeza Izmir, mji mkongwe wa pwani ya Aegean ulioitwa Smyrna zamani. Unalala hoteli moja tu, na kwingine kote unafika kwa treni, kivuko au miguu. Kinachowaharibia watu safari hii mara nyingi si pesa, ni kukosea siku ya wiki.

Hatua ya 1: Kalenda kwanza, tiketi baadaye

Soko la Kemeraltı, ambalo ndilo moyo wa mji, maduka yake mengi hufungwa Jumapili. Kwa hiyo mpango ninaoupenda ni huu: fika Alhamisi jioni, Ijumaa tembea mjini, Jumamosi nenda magofu ya mji wa kale wa Efeso, Jumapili ibaki ya bahari na kuondoka. Kama miezi iko mikononi mwako, chagua Aprili hadi Juni au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua la kule halina mzaha, na magofu hayana kivuli.

Hatua ya 2: Viza na ndege

Masharti ya viza hutegemea pasipoti yako, na baadhi ya nchi za Afrika hupewa viza ya mtandaoni pale tu msafiri anapokuwa na viza halali ya Schengen, Uingereza au Marekani. Angalia evisa.gov.tr, tovuti ya serikali yenyewe. Ziko nyingine zinazofanana nayo sana, ila zinakutoza zaidi kwa kazi ile ile.

Istanbul ina viwanja viwili vikubwa vya ndege: kimoja upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen upande wa Asia. Kabla ya kulipia ndege ya Izmir (ni kama saa moja hewani), soma tiketi inaondokea kiwanja gani. Bei rahisi ya kiwanja cha pili inaweza kuliwa yote na teksi, foleni za barabarani zikakumaliza pia.

Hatua ya 3: Malazi na kadi ya usafiri

Lala mtaa wa Alsancak au wa Konak. Kiwanja cha ndege cha Izmir, Adnan Menderes, kina stesheni ya treni ya İZBAN inayokwenda moja kwa moja hadi Alsancak. Wa Konak anashuka Hilal na kupanda metro. Nunua İzmirim Kart hapo hapo stesheni uweke salio. Kadi hiyo moja inatumika kwenye treni, metro, tramu, basi na kivuko.

Hatua ya 4: Ijumaa kwa miguu

Anza na boyoz ya moto, andazi la matabaka lililoletwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania. Huliwa na yai la kuchemsha na chai ya rangi. Kisha nenda uwanja wa Konak uuone mnara wa saa wa mwaka 1901, uliojengwa kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Abdülhamid II kitini. Picha mbili tatu zinatosha. Ingia Kemeraltı.

Humo usiwe na haraka. Tafuta Kızlarağası Hanı, nyumba ya wafanyabiashara ya mwaka 1744 yenye ua katikati na vyumba vya mawe pande zote. Aliyeijenga, Hacı Beşir Ağa, alizaliwa Uhabeshi, akachukuliwa utumwani, akapanda hadi kuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya wanawake wa Sultani, mmoja wa watu wenye nguvu kabisa katika dola ya Osmani. Agiza kahawa ya pale: inachemshwa ndani ya kikombe chenyewe, kikombe kinakuja mezani kinaunguza na povu limekaa juu. Acha kitulie kwanza, usije ukachoma midomo. Msikiti wa Hisar uko jirani, na wa kuswali Ijumaa hapo hapo panafaa.

Alasiri tembea hadi Agora ya Smyrna, magofu ya uwanja wa soko wa mji wa kale. Tetemeko la mwaka 178 liliubomoa mji, na Kaisari Marcus Aurelius akasaidia kuujenga upya. Shuka kwenye matao ya chini: ukutani wamehifadhi michoro ya watu wa kawaida wa enzi hizo, zikiwemo meli.

Hatua ya 5: Jumamosi, Efeso

Ndiyo, ile ile ya Waraka kwa Waefeso. Panda İZBAN alfajiri kuelekea kusini, badili treni Tepeköy, shuka Selçuk. Tepeköy iko wilaya ya Torbalı, na vijiji vya huko vina Waturuki wenye asili ya Afrika, wajukuu wa watu waliopelekwa utumwani zama za Osmani. Ukimwona mtu anayefanana na mjomba wako akiongea Kituruki, usishangae.

Kutoka Selçuk, dolmuş (daladala zao) hukushusha lango la chini la magofu. Mimi nashauri teksi hadi lango la juu, ili mwendo wote uwe wa kuteremka. Uwe pale lango linapofunguliwa, kwa sababu Maktaba ya Celsus inatazama mashariki: asubuhi jua linaipiga usoni, mchana inabaki na kivuli. Sanamu nne za wanawake unazoziona mbele ya maktaba ni nakala. Zenyewe ziko Vienna. Kiingilio cha wageni hupangwa kwa euro na si kidogo, na nyumba za matajiri mlimani zina tiketi yake. Mwenye nafasi azilipie, michoro ya ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi hutazipata kwingine pale. Vaa viatu vya soli ya mpira, marumaru ile inateleza hata ikiwa kavu.

Ukirudi Selçuk pitia soko lao la Jumamosi. Piga picha ratiba ya treni za kurudi mara tu unaposhuka asubuhi, maana kipande cha Selçuk–Tepeköy treni zake ni chache.

Hatua ya 6: Jumapili

Panda kivuko Konak hadi Karşıyaka, ng'ambo ya ghuba, na kurudi, ukae nje upande wa mji. Kisha nenda Asansör, lifti ya mwaka 1907 iliyojengwa na mfanyabiashara Nesim Levi ili watu wasipande ngazi 155 za mlima ule. Juu kuna mandhari ya ghuba nzima. Begi liache hotelini, ulichukue ukielekea İZBAN.