Jinsi ya Kusoma Jibu la HER2 katika Ripoti ya Uvimbe wa Titi

Anayetoka maabara mjini Kisumu na ripoti ya uvimbe wa titi mkononi aanze kwa kutafuta mstari ulioandikwa HER2. Hicho ni kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, kinachopeleka ndani amri ya kukua. Jeni yake, ERBB2, iko katika kromosomu ya 17, na nakala zake zinapozidi, seli hugawanyika ovyo.

Jibu huandikwa kwa alama ya 0 hadi 3+, inayoonyesha wingi wa HER2 kwenye seli. Alama ya 3+ ni chanya, nayo 0 na 1+ kwa kawaida huhesabiwa hasi. Inayosumbua ni 2+, ambayo kwa maoni yangu haistahili hata kuitwa jibu: muombe daktari kipimo cha pili, kinachohesabu nakala za jeni yenyewe kwenye kipande kilekile cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta. Kwa hiyo uliza mapema kipande hicho kinahifadhiwa wapi, hasa ikiwa sampuli ilisafirishwa hadi Nairobi.

Jibu likiwa chanya, huenda ukapewa trastuzumabu, dawa inayokilenga kipokezi hicho. Kabla ya sindano ya kwanza, hakikisha moyo umepimwa kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti), kwani dawa hiyo yaweza kuudhoofisha.