Maji ya kunywa yalinde samaki njiani

Ukitoka Tanga kupanda treni Korogwe kwenda kwa marafiki Moshi, na umebeba changu wa kukaanga, achana na barafu ya mfuko. Ikiyeyuka inalowesha kila kitu. Gandisha maji ya kunywa kwenye chupa usiku kucha. Acha vidole vinne juu, maana maji yakiganda hutanuka na chupa hupasuka. Samaki wakishapoa kabisa, panga chupa juu yao, si chini: hewa ya baridi hushuka. Viringisha boksi kwa kanga mbili. Sisi tulifika samaki bado wa baridi, na yale maji tukayanywa asubuhi, matamu mno! Boksi likifunguliwa kila kituo, haisaidii. Treni ikichelewa na barafu ikaelekea kwisha, mle samaki humo humo behewani, msingoje Moshi.