Jinsi ya kutengeneza jiokashi ya fumbo kuhusu mwanzo wa muziki wa kantri

Jiokashi ni kopo lililofichwa ambalo watu hulitafuta kwa GPS, na ile ya fumbo lazima kwanza ujibu maswali ndo upate koodineti (namba za mahali) zake. Kama uko Bristol, Marekani, pale mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia unapopita katikati ya State Street, hapo ndo penyewe, maana 1927 Ralph Peer alikuja kurekodi wanamuziki kwa ajili ya kampuni ya Victor na ndani ya wiki mbili hivi akawapata kundi la Carter Family na mwimbaji Jimmie Rodgers. Hebu fikiria, wiki mbili tu!

Sasa fumbo lenyewe: chukua koodineti za mwisho (pale kopo lilipofichwa), uache tarakimu tatu wazi, mfano N 36° 35.ABC. A ni tarakimu ya mwisho ya mwaka aliokuja Peer (7), B ni wangapi wa Carter Family walirekodi (A.P., Sara na Maybelle, so 3), C ni tarehe ya Agosti aliyorekodi Rodgers (4). Upande wa W (magharibi) fanya vivyo hivyo, unaweza kutumia mpiga fidla Fiddlin' John Carson aliyerekodi Atlanta 1923. Maswali yawe na jibu moja tu jamani, ukiuliza "nani wa kwanza" watu watabishana mpaka kesho.

Kopo lisizidi maili 2 kutoka koodineti ulizotangaza kwenye ukurasa wa jiokashi yako, na liwe angalau mita 161 mbali na jiokashi nyingine. Weka kikagua majibu mtandaoni, kinachomwambia mtu kama koodineti alizopata ni sahihi, mtu asihangaike bure vichakani. Kidaftari cha wanaolipata kopo kuandika majina yao kitie kwenye mfuko usiopitisha maji.