Somo: Jua, kuni na umeme kwenye tangi moja la maji ya moto

Habari wakuu. Baridi ya Juni imeshaingia, na maswali ya maji ya moto yamekuwa mengi. Nachukua mfano wa nyumba ya watu watano hapa Njombe, tangi la lita 200. Maji yakiwa na nyuzi 15 asubuhi, kuyafikisha 60 kwa umeme mtupu kunakula uniti 10 na ushee. Kwa hiyo jua litangulie, kuni zifuate, umeme uwe wa mwisho.

Hatua ya 1: Tangi la kusimama, lenye foamu nene. Likisimama, maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini. Tutalihitaji hilo mbele.

Hatua ya 2: Paneli za sola zitazame kaskazini, maana Juni jua letu liko huko. Kitako cha tangi kiwe juu ya paneli kwa sentimita 30 au zaidi. La sivyo usiku maji ya moto yatazunguka kinyume na kupoa.

Hatua ya 3: Koili ya shaba (bomba lililozungushwa) ndani ya jiko la kuni. Bomba la kwenda tangini lipande tu, lisishuke popote. Pakiwa na nundu, hewa inakaa, maji yanasimama, na bomba linaanza kugonga: ko, ko, ko. Ukisikia hivyo toa kuni kwanza, ndipo utafute nundu. Karibu na jiko usitumie bomba la plastiki la PPR, linalainika.

Na hili nawaomba sana: msiweke koki yoyote kati ya jiko na tangi. Bomba la kupumulia libaki wazi, mdomo wake juu ya usawa wa maji ya simtanki. Moto wa kuni hauna swichi. Maji yakikosa pa kutanukia tangi hupasuka, na hapo jikoni kuna mama na watoto.

Hatua ya 4: Elementi ya umeme (chuma kinachopasha maji) ikae theluthi ya juu ya tangi, ipashe maji ya juu tu, ya chini yabaki kwa jua. Mwaka jana niliitwa nyumba yenye sola nzuri lakini LUKU inaisha vilevile. Elementi ilikuwa chini kabisa: ilichemsha tangi zima alfajiri, jua likichomoza linakuta kazi imeisha. Tuliipandisha, basi.

MASWALI

Fundi, thamostati ikiwa 60 watoto hawataungua?
Thamostati inazima umeme tu. Jua na kuni vinaweza kufikisha 80. Weka vali ya kuchanganyia maji ya moto na ya baridi kabla ya bafuni.

Nina hela ya kimoja tu kwa sasa.
Anza na sola, ila agiza tangi lenye matundu ya koili na elementi tangu mwanzo.

Mkuu, huku Makete alfajiri kuna barafu. Paneli hazitapasuka?
Zinazopitisha maji yenyewe zinaweza. Nunua zenye mzunguko uliofungwa, wenye kimiminika kisichoganda. Kiwe kile cha mitambo ya maji ya nyumbani. Cha kwenye rejeta ya gari ni sumu, kikivuja kitaingia kwenye maji yenu.