Kubadili baiskeli ya kulala kwa ajili ya mbio za saa 24: vipimo, cheni na shingo

Anayehama kutoka baiskeli moja ya kulala (ile unayoiendesha ukiwa umeegemea chali, miguu mbele) kwenda nyingine mara nyingi hufuata kasi peke yake. Kaambiwa mpya inakata upepo vizuri zaidi, anaifunga wiki mbili kabla ya mbio, na baada ya saa tisa barabarani shingo haigeuki na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Piga hesabu: kilomita 1 ya ziada kwa saa inakupa kilomita 24 kwa siku nzima. Kama mwendo wako ni 32 kwa saa, kusimama dakika 45 kunazimeza zote.

Tunazungumzia mbio za kukimbizana na saa kama zile za saa 6, 12 na 24 za Borrego Springs, jangwani California. Unazunguka kitanzi cha maili 18 hivi, ni marufuku kujificha nyuma ya mwenzako ukwepe upepo, na baiskeli za kulala zina kundi lao. (UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, ilizifungia milango mwaka 1934, baada ya Mfaransa Francis Faure kuvunja rekodi ya umbali wa saa moja mwaka 1933 akiwa juu ya baiskeli ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet. Ndiyo maana utazikuta zaidi kwenye mbio za masafa marefu zisizo za UCI.)

Unahama kutoka nini kwenda nini?

Kutoka ile ya juu yenye magurudumu mawili makubwa kwenda nyingine ya aina hiyo ni kazi ya vipimo tu. Kwenda ile ya chini kabisa, yenye gurudumu dogo mbele, ni habari nyingine: usiku taa za magari zinakupiga usoni, na kila mtikisiko wa lami unaufikia mgongo. Kasi yake ni ya kweli, lakini kwa saa 24 kwenye lami mbovu sisi hatuipendekezi. Kwenda ile inayoendeshwa na gurudumu la mbele, ambayo krenki (mikono inayobeba pedali) zinageuka pamoja na usukani, kama zile za kampuni ya Cruzbike, inabidi ujifunze kuendesha upya, maana kila unapokanyaga pedali usukani unavutwa na mikono lazima ivute upande wa pili. Inafaa masafa, na Maria Parker aliitumia Cruzbike kwenye Race Across America, mbio za kuvuka Marekani, za 2013, lakini usijaribu kuizoea ndani ya mwezi mmoja.

Pima ya zamani kabla hujaifungua

Iweke mahali pa tambarare, tairi zikiwa na upepo wa mbio. Andika:

- umbali kutoka pale kiuno kinapogusa kiti hadi pedali ikiwa mbali kabisa nawe;
- pembe ya kiti, kwa programu ya simu ya kupimia mwinamo, simu ikilazwa katikati ya mgongo wa kiti;
- kimo cha krenki juu ya sehemu ya chini kabisa ya kiti;
- urefu wa krenki, ambao umechongwa kwa nyuma: 155, 165, 170;
- mahali ilipo kliti, kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali. Izungushie kalamu ya wino.

Kinachosahaulika ni godoro la kiti. Ukitoka godoro la sentimita 2 kwenda la 3, nyonga zinasogea mbele karibu sentimita nzima, na umbali wa pedali uliouandika unakuwa wa uongo. Hamisha godoro lilelile, au pima ukiwa umelala juu ya jipya.

Bomba la mbele

Hili ndilo linalobeba krenki, na ukilisogeza unabadili umbali wa pedali. Vaa viatu vya mbio, lala kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo mbali kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuteleza. Ukiingiza kliti mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo pa kuanzia. Maumivu mbele ya goti yanaashiria bomba fupi. Yakiwa nyuma ya goti, au nyonga zikicheza kulia na kushoto, bomba ni refu. Rekebisha milimita 3 kwa wakati mmoja, kisha endesha siku mbili kabla ya kugusa tena.

Kabla ya kulegeza bolti, funga utepe kwenye bomba kuonyesha lilipokuwa. Bomba la kaboni lipakwe mafuta maalumu ya kaboni yenye chembechembe, si grisi, na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kufuata namba iliyoandikwa kwenye klampu. Likizunguka hata kidogo, krenki zinalala upande na goti moja linaanza kulalamika baada ya kilomita 200. Mtu asimame mbele yako alinganishe ekseli ya krenki na ekseli ya gurudumu la mbele.

Cheni

Kwenye baiskeli fupi, yaani yenye krenki mbele ya gurudumu la mbele, inayoendeshwa na gurudumu la nyuma, cheni inakwenda mbele na kurudi, hivyo kila sentimita 1 ya bomba inataka sentimita 2 za cheni. Pingili moja ni milimita 12.7. Ukisogeza bomba sentimita 2.5 mbele, ongeza pingili 4. Kwa jumla utahitaji cheni mbili na nusu hadi tatu za dukani, zilizounganishwa kwa viungo vya kufungua kwa mkono. Cruzbike inakwenda na cheni moja ya kawaida, kwa hiyo vipande vyako vya akiba vinapungua.

Jaribu gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa kuzungusha krenki kwa mkono, gurudumu likiwa juu. Cheni ikiwa fupi utagundua hapo, kabla haijang'oa kibadilishi gia mlimani. Halafu geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili: cheni isiguse tairi la mbele. Puli (kigurudumu kinachoelekeza cheni) inayobeba upande wa mvuto ndiyo inayokula nguvu. Ikipiga kelele ukikanyaga kwa nguvu, cheni inaingia kwa mshazari. Ongeza au punguza washa nyembamba pembeni yake hadi inyooke.

Gia

Huwezi kusimama juu ya pedali, kwa hiyo mlima unaupanda kwa gia peke yake. Gurudumu la 700 lenye tairi la 28 linakwenda mita 2.13 hivi kila mzunguko. Gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma, kwa mizunguko 75 kwa dakika, inakupa kilomita 9.6 kwa saa. Kama kuna mlima utakaoupanda chini ya hapo, weka meno 30 mbele. Kuyumba kwa mwendo wa kobe ndiko kunakoangusha watu, na kwenye baiskeli nyingi za magurudumu makubwa kisigino hugonga tairi la mbele ukikata kona kali. Fanya mazoezi ya kugeuza kwenye uwanja mtupu, mguu wa upande wa ndani ukiwa mbali na gurudumu.

Kichwa, vidole, maji

Kiti kikiwa chini ya nyuzi 25, kiegemeo cha kichwa ni lazima. Kishike kisogo, si shingo yenyewe. Kikigusa shingo, kila shimo la barabarani linapiga uti wa mgongo. Krenki zikiwa juu zaidi ya ulivyozoea, hata kwa sentimita 10, damu inakawia kufika vidoleni. Rudisha kliti nyuma, legeza kiatu, na usivae soksi nene. Mfuko wa maji ukae nyuma ya kiti, mrija ukifika mdomoni bila kuinua kichwa.

Wiki nane

Misuli ya matako na ya nyuma ya paja hufanya kazi tofauti pembe ikibadilika, hivyo nguvu unayotoa (wati) itashuka mwanzoni. Wiki mbili za kwanza, dakika 45 mara nne kwa wiki, gia nyepesi, mizunguko 85 hadi 95. Wiki ya tatu na ya nne, saa tatu. Ya tano, saa sita na sehemu yake iwe usiku, na taa zilezile za mbio. Ya sita, saa kumi mfululizo. Baada ya hapo, wiki mbili zilizobaki, hakuna spana inayogusa kiti wala bomba.

Kwenye kituo chako

Kama kanuni zinaruhusu kubadili baiskeli katikati, ya zamani iwe tayari: pedali za aina moja kwenye zote mbili, na uulize mapema kifaa cha kuhesabu mizunguko kinafungwa mguuni au kwenye fremu. Tyubu za akiba ndizo zinazowaponza wengi. Namba ya kuangalia ni ile ya rimu: 622, 571 na 559 hazibadilishani tairi, na "ishirini" (gurudumu la inchi 20) ni mbili, 406 ya BMX inayopatikana kila mahali, na 451 ambayo mara nyingi lazima uagize. Weka tyubu mbili za kila saizi, viungo viwili vya cheni, na kipande cha pingili 10, kila kimoja kwenye mfuko wenye jina la baiskeli yake kwa maandishi makubwa, maana saa nane usiku atakayevitafuta si wewe.