Tahasusi ya kidato cha tano: piga hesabu kabla ya kugusa Selform

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi wa Mbeya na Iringa huanza na shule: Loleza, Iyunga, Tosamaganga au Malangali? Shule ije baadaye, na Selform, mfumo wa mtandaoni wa kubadili tahasusi na shule ulizochagua, ije mwisho. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, na divisheni yote hubebwa na masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo utakaousoma.

Hatua ya 1: anza na kozi ya chuo, kisha rudi nyuma. Soma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Anayelenga uhandisi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ashike PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Udaktari hudai angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu; CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) haikufikishi huko hata ukivuna A tatu. Wengi huligundua hili wakiwa wameshamaliza kidato cha sita.

Hatua ya 2: pima C zako. Sharti la kuingia ni A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu. Ila C ya kidato cha nne huanzia 45, na kidato cha sita 45 ni E. Matokeo hayaonyeshi kama ulipata 45 au 64, kwa hiyo mwombe mwalimu wa somo alama zako za moko, mtihani wa majaribio.

Hatua ya 3: jifunze hesabu mbili za pointi. Kwenye divisheni, A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Chuo kikuu hugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hutaka angalau 4 kutoka masomo mawili. Sasa chukua wawili wenye divisheni ya tatu ya pointi 14. Mwenye D, D, S anafikisha 4 kwa D zake mbili, anaweza kuomba shahada. Mwenye D, E, E, masomo yake mawili bora yanaishia 3, mlango umefungwa. Ndiyo maana somo unalolimudu kweli lina thamani kuliko jina kubwa la tahasusi.

Hatua ya 4: wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na CBG, msiidharau BAM, somo la ziada la hisabati. Haiingii kwenye divisheni, lakini zipo kozi zinazoitaja katika sifa zake.

Hatua ya 5: Selform ikifunguliwa, ingia kwa namba yako ya mtihani, badili, hifadhi, toka, kisha ingia tena uhakikishe mabadiliko yamekaa. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi shule, hupanga nchi nzima. Kijana wa Tukuyu anaweza kupelekwa Kigoma.

Muhula huanza Julai. Aliyepangwa Mbeya, Njombe au Mufindi akitokea joto la Pwani abebe blanketi zito na sweta ya rangi iliyotajwa kwenye fomu ya kujiunga.