Kabla ya kupima presha nyumbani, nenda haja ndogo kwanza
Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Ukishajisaidia, keti kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, usikunje nne wala kuongea. Laza mkono mezani, mkanda wa mashine unaofungwa mkononi uwe juu ya ngozi tupu na usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda bure, na wengi hukosea hapo. Pima mara 2, ukipisha dakika 1, andika zote. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hupandisha namba. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huichanganya mashine: hapo mhudumu wa afya apime kwa kusikiliza. Presha ikifika 180/120 na kifua kinauma au pumzi inabana, nenda hospitali mara moja.